Jino Lililopoa Haraka

Karakana ya Chuo,
Kakamega.
Jumamosi asubuhi.

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Elkanah,

Salamu zangu ziingie hapo uani kabla yangu, zikukute umekaa na jua la asubuhi likikupasha magoti, mahali unapopenda. Mimi mwanao Namalwa ni mzima wa mwili; ya moyo nitayasema mbele. Je, magoti bado yanakuuma mvua inapokaribia? Kile kikohozi kimekuacha? Yule ng'ombe mweupe amezaa, au bado anatudanganya na tumbo lake? Nasikia siku hizi unajipikia ugali, obusuma yako, mwenyewe na kwamba sufuria zimeanza kuisha kwa kuungua. Aliyeniambia ni dada yako, Senje Awinja. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaacha kucheka ghafla, akafuta macho kwa leso. Kwa hiyo najua hali ya hapo nyumbani ilivyo, hata kama wewe utaniambia ni njema.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia ilhali Navakholo si mbali, na miguu ninayo. Baba, tangu kelele za kiwanda cha sukari ulichokitumikia ujana wako wote zikule masikio, mtu akitaka kukwambia jambo ni lazima apaze sauti, na akipaza sauti anawaambia majirani wote hadi wa ng'ambo ya mto, isipokuwa wewe. Nami nina jambo lisilofaa kupigiwa kelele. Halafu, usinikasirikie nikisema ukweli, una tabia moja: mazungumzo yasipokupendeza unafumba macho. Mtu asiyesikia akifumba macho amefunga mlango na kutia komeo. Jumapili ile nilipokuja nikachukua kijiti, nikaandika mchangani SI JIWE, wewe ulifumba macho. Nilibaki nimechuchumaa mbele yako kama mtoto, na nilipoinuka kuku walikuwa wameshayafuta maandishi. Karatasi haifutwi na kuku. Fumba macho ukitaka, lakini ukiyafumbua utaikuta bado iko mkononi mwako.

Nianze na mgonjwa wetu, maana najua ndiye unayemuwaza. Willis anaendelea vizuri kadiri ya mtu aliyepoteza jicho. Kidonda kimekauka, na daktari amethibitisha kwamba jicho la kushoto halikuguswa. La kulia limekwenda, Baba, na hakuna wa kulirudisha. Yeye mwenyewe anafanya mzaha, anawaambia wauguzi kwamba ataonanga tu na hilo moja, na bado atawashinda wenye mawili kwa kuchagua miwa mizuri. Lakini siku moja nilimkuta anajaribu kumimina chai kikombeni, na chai yote inaishia mezani, naye hakujua kuwa nimesimama mlangoni. Nilirudi nyuma nikasubiri nje. Sikuwa na la kumfanyia. Leo ameruhusiwa kutoka hospitalini, na amesema waziwazi kwamba hatakanyaga boma lako bila mke wake. Kama Cindy hana mahali hapo, yeye pia hana. Ataenda kukaa kwa wakwe zake kule Mayoni. Unajua mwenyewe mwanamume anayehamia kwa wakwe anavyosemwa. Yeye pia anajua, na bado amesema.

Nayakumbuka yote uliyoyasema siku ile ya mkasa, maana uliyasema kwa sauti iliyofika sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha, miwa ililetwa na matope yake kwenye kinu cha Willis hapo uani, na kazi ya Cindy ilikuwa kukagua kila mzigo kabla haujatiwa kwenye mashine ya kupasulia. Ulikuwa umekaa mahali pako. Ukasikia kishindo kwa nyayo za miguu, ukainua kichwa, ukamwona mwanao ameanguka damu ikimtoka usoni, na mkewe amesimama kando ya lundo la miwa. Jino moja la mashine lilikuwa limekatika, likatoboa bati la kukinga, likampiga Willis. Chini ya mashine ukaokota jiwe. Ukasema Cindy amelipitisha jiwe, jiwe limevunja jino, na jino limemtoa mwanao jicho. Ndugu waliokusanyika wakaitikia, kwani nani angebishana na mzee aliyeshika jiwe mkononi? Na Cindy mwenyewe akaamini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alisema labda ni kweli, labda lilimpita, matope yalikuwa mengi. Ukamwonyesha lango, naye akatoka na nguo alizovaa.

Baba, ua wote wa kinu umejaa mawe. Ukiinama popote pale ukaokota kitu, utaokota jiwe.

Sasa nivumilie nikueleze kazi yangu, kazi ambayo kila nikija nyumbani unaniuliza na mimi nakujibu kwa mkato kwa sababu nachoka kupaza sauti. Mashine yetu hapa karakana inachapa vyuma. Haimimini chuma kwenye kalibu kama mnavyomimina sukari nguru. Inatandaza unga wa chuma, laini kuliko unga wa mahindi, juu ya meza ndogo tunayoiita kitanda, kisha mwale wa leza unapita juu yake ukiuyeyusha mstari kwa mstari. Tabaka likiganda, linatandazwa jingine juu yake, mpaka kitu kizima kinasimama. Kwa meno ya Willis tulichanganya unga wa chuma na unga wa kauri ngumu sana, ili mchanga unaokuja na miwa usiyale upesi kama ulivyoyala yale ya kununua. Lilikuwa wazo langu. Nilikuwa nimemwona ndugu yangu akifungua mashine na kuifunga, meno yamekuwa butu tena, nikajiambia huyu dada yake amesomea nini basi, kama hata meno ya kinu yanamshinda.

Tatizo ni kwamba chuma na kauri ni wake wenza waliopewa jiko moja. Chuma kikipoa kinajikunja sana, kauri inajikunja kidogo tu, na kila mmoja anamvuta mwenzake. Tulipochapa kwenye kitanda baridi, chuma kiliganda kufumba na kufumbua, na meno yakatoka yamepasuka. Mengine tuliyasikia yakilia hata kabla hatujayatoa. Basi tukakipasha kitanda joto kwanza, ili kule kuganda kusiwe kwa ghafla. Nyufa zikakoma. Tukafurahi, tukaongeza joto zaidi, na hapo tukaharibu upande wa pili. Chuma kikikaa majimaji muda mrefu kinaganda polepole, na kinavyoganda kinazisukuma zile punje za kauri mbele yake, mpaka zinajazana mahali pamoja. Jino linakuwa gumu upande mmoja na laini upande mwingine, na upande ule laini unaliwa na mchanga kana kwamba hatukufanya kazi yoyote. Ukipunguza joto linapasuka, ukizidisha kauri inahama. Nilihangaika na jambo hilo hadi nikaanza kuliota. Kuna siku nilikaa mbele ya mashine nikalia, na Chemutai, mwenzangu wa kazi kutoka Lumakanda, akaniletea chai bila kuniuliza kitu.

Mwishowe tulilipata joto la kadiri. Lilikuwa na sharti moja: kazi ikiisha, kitanda kisizimwe. Kile kipasha joto kiendelee kuwaka na kushuka chenyewe kidogo kidogo, na meno yabaki pale pale yalipo hadi jioni. Yakipoa haraka, yote yaliyotangulia ni bure.

Siku tuliyoyachapa meno ya Willis ndiyo siku uliyokuja mjini kupimwa masikio. Najua unaikumbuka. Daktari aliandika kwenye karatasi kwamba masikio hayatarudi. Ukaisoma, ukaikunja vizuri, ukaitia mfukoni, ukaniambia twende tuione hiyo kazi yako. Sijawahi kukupenda kama siku ile. Tulipofika uliweka kiganja juu ya mashine ili uisikie inavyotetemeka, ukanitazama ukitabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Wanafunzi wakakuletea kiti, wakakuamkia mmoja mmoja, ukawabariki wote. Baadaye mashine ikamaliza kuchapa, ikatulia, kitanda kikaendelea kuwaka chini ya meno. Ndipo mkuu wetu akaniita ofisini kwake.

Nilitaka kukwambia usiguse kitu, meno yaache yalale pale kitandani. Niliona haya kupiga kelele mbele ya wanafunzi. Kwa hiyo nikaionyesha mashine kwa kidole, nikaweka kiganja changu chini ya shavu, nikainamisha kichwa kama mtu aliyelala. Ukaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa, kama unavyoitikia kanisani. Nikaenda zangu.

Niliporudi ulikuwa umesimama karibu na mlango, kofia kichwani, ukanionyesha dole gumba. Nilidhani unanipa moyo kwa ile habari ya daktari, kwamba niache kuhuzunika, wewe umeshaipokea. Nikataka kulia, nikajizuia. Kitanda kilikuwa baridi na mashine kimya. Nikailaani stima, maana stima ya hapa inaondoka na kurudi inavyotaka, na ikishakatika mashine hii haijiwashi yenyewe, kwa hiyo sikushangaa kuikuta imezimika. Niliyakata meno kutoka kitandani, nikayasugua upande wa chini yakawa laini, nikayapaka rangi nyekundu tunayotumia kutafutia nyufa. Hakuna ufa ulioonekana. Willis alikuwa ameshafika kuyachukua. Miwa ya watu ilikuwa imekatwa, imelala kinuni inamngoja, na miwa ikishakatwa haina subira, inachacha. Moyo uliniambia nichape mengine. Nikautuliza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema tufanye nini na ufa usioonekana.

Na yalifanya kazi, Baba, wewe ni shahidi. Uliyashika mwenyewe baada ya wiki ya kwanza ukanipigia makofi, na Willis akawa anawaita watu wa vinu vingine waje kuona meno yaliyochapwa na dada yake. Nilitembea mjini hapa nikiwa nimeinua shingo.

Baada ya mkasa nilikuja nikayang'oa meno yote yaliyobaki, na nikaokota kile kipande kilichomuumiza Willis. Nadhani uliona nakusanya takataka tu. Nilikileta hapa nikakiweka chini ya hadubini. Mahali jino lilipokatikia pana rangi mbili. Sehemu kubwa, kuanzia mguuni mwa jino, ina rangi ya samawati iliyokolea, ile rangi chuma kinayoipata kikikaa motoni. Ukingo mdogo uliobaki unang'aa kama sarafu mpya. Ile samawati haiji kwa miwa wala kwa jiwe. Inakuja chuma kikipasuka kikiwa bado moto na hewa ikaingia ndani ya ufa. Maana yake jino lilipasuka hapa karakana, siku ile ile, lilipopoa ghafla. Na nilipolisugua upande wa chini ili liwe laini, niliufunika mdomo wa ufa kwa mikono yangu mwenyewe, rangi nyekundu ikapita juu bila kuuona. Lililotokea Navakholo ni kumalizikia tu. Ule ukingo mdogo unaong'aa ndio pekee uliokuwa umelishikilia. Lingekatika hata kwa muwa uliooshwa kwa sabuni.

Nilipomweleza mkuu wetu, alisema nisifungue mdomo mpaka uchunguzi ukamilike, na uchunguzi wenyewe hajaniambia utaanza lini. Kila nikimuuliza ananiambia nipumzike kidogo, kana kwamba nimefiwa. Nikaenda kwa Chemutai, nikamlalamikia kwamba stima ndiyo iliyotumaliza. Akanitazama kwa mshangao. Alisema siku ile stima haikupotea hata kidogo, kwani yeye alikuwa chumba cha pili na tanuri lake la stima liliwaka mchana kutwa. Nilimbishia hadi nikamkera, akanionyesha kazi aliyoichoma siku hiyo. Kisha nikaacha kubisha, kwa sababu wanafunzi walikuwa wametoka pamoja nami, na chumbani mle alibaki mtu mmoja tu.

Sikutaka kuliamini wazo lililonijia. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo Mayoni kwa Cindy, kwa maana Cindy ndiye anayejua jinsi unavyoyaelewa mambo. Sisi wanao tulikuachia kimya chako, mimi nikaja mjini, Willis akazama kwenye kinu chake. Yeye ndiye aliyekaa nawe ndani ya kimya hicho. Na kwa kuwa mkaza mwana hawezi kumsogelea baba mkwe akampigia kelele sikioni, wala kumgusa bega, alikutungia maneno ya mikono anayoweza kuyasema akiwa mlangoni pa jiko na wewe ukiwa kitini kwako. Chai iko tayari. Mvua inakuja. Kuna mgeni wa kanisani, vaa koti. Nilikuwa nikija nawakuta mnacheka, mikono yenu ikienda upesi, na mimi nasimama katikati sielewi neno. Niliona wivu, Baba. Ningeweza kumwomba anifundishe. Badala yake nilikuwa nakunywa chai naondoka.

Nilimkuta anamenya viazi vitamu nyuma ya nyumba ya mama yake. Amekonda. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama umepata mtu wa kukukumbusha dawa ya kikohozi. Nikamuuliza, bila kumpa sababu, mzee angeielewaje ishara hii: nikaonyesha kitu kwa kidole, nikaweka kiganja chini ya shavu. Alinijibu papo hapo bila kusitisha kisu. Alisema hiyo ni zima mashine. Kila jioni kinu kikimaliza kazi watu husema mashine ilale, basi ndivyo alivyokuwa akikuashiria kutoka jikoni, na wewe unainuka, unakwenda taratibu, unabonyeza kile kidude chekundu. Ndiyo kazi aliyokuachia ya kila siku, kwa sababu aliona huipendi siku inayoisha bila kuwa na kazi uliyoifanya. Na mzee huipendanga sana hiyo, akasema. Halafu akainua macho, akauona uso wangu. Kiazi kikamtoka mkononi.

Ndiyo, Baba. Nimelizunguka jambo hili kurasa zote hizi kwa sababu sijui mtoto anawezaje kumwambia baba yake. Aliyekizima kitanda ni wewe. Na hukukosea. Ulifanya kile hasa nilichokwambia, kwa lugha unayoijua wewe na nisiyoijua mimi. Lile dole gumba mlangoni halikuwa la kunifariji. Lilikuwa la mtu aliyetoka kuambiwa kwamba masikio yake hayatarudi, na saa hiyo hiyo binti yake akampa kazi mbele ya wanafunzi wake, naye akaifanya sawasawa. Hadi leo nikifumba macho nakiona kile kidole, na sina pa kujificha.

Cindy aliniomba nisikwambie. Aliniomba akilia, viazi vimetapakaa miguuni pake. Alisema mzee ameshanyang'anywa masikio, na ukimnyang'anya na hili atabaki na nini? Afadhali liwe jiwe, alisema, jiwe nitalibeba mimi. Nikaenda hospitalini nikamweleza Willis, nikidhani atakasirika, atapiga ukuta, atafanya jambo. Akasema jicho lake halitarudi kwa kumuumiza baba, na kwamba nikiwa nampenda ninyamaze. Basi ujue hivyo. Unayemwona anatorokea kwa wakwe kwa sababu mke amemlisha dawa anajua yote, na amechagua kuitwa mjinga ili wewe upate usingizi. Na unayemwita mzembe amekubali kuwa mzembe maisha yake yote.

Mimi ndiye nimeshindwa kuwa kama wao. Nimejaribu kunyamaza, sikuweza. Nilipokuja Jumapili ile nilitaka tu ujue si jiwe, bila kukwambia ni nini, na hukunipa hata nafasi hiyo. Nikinyamaza, watoto wa Cindy watakaozaliwa wataambiwa habari za jiwe la mama yao. Nikisema, nakuchoma wewe, ambaye hukufanya lolote ila kumsaidia binti yako. Nimetafuta pa kupita pengine sikupaona. Mtu aliyesoma hadi kuyajua mambo ya chuma kinavyoganda, anakaa hapa na kalamu, hajui atafanya nini na watu watatu anaowapenda. Sijawahi kujisikia mnyonge hivi. Kama barua hii itakuua moyo, nisamehe; na kama ni lazima kosa liwe na mwenyewe, mwenyewe ni mimi. Wewe ulielewa ishara. Ni mimi niliyeitumia bila kujua maana yake, na nilikuwa na miaka mingi ya kujifunza.

Nakaribia mwisho wa karatasi. Nisalimie majirani wote, na ng'ombe mweupe mwambie aache mchezo. Dawa ya kikohozi iko kwenye mkebe wa majani ya chai wa zamani, juu ya kabati. Cindy ndiye aliyeniagiza nikwambie. Tumia kijiko kimoja tu, usinywe kama uji.

Senje Awinja aliyekupa barua hii hajui kusoma, kwa hiyo hajui alichobeba. Na hakuja peke yake. Alimpitia Willis hospitalini na Cindy stendi, na wote wawili wako langoni sasa hivi unaposoma. Willis anashuku nilichoandika, ila hajaniuliza. Cindy hajui. Anadhani nimemwombea msamaha, na amekuja tayari kukiri kwa mara ya pili kwamba jiwe lilimpita. Tafadhali, Baba, usimwache akiri hilo. Desturi haikuruhusu kumshika mkono, na mimi sijui katika lugha yenu nisamehe inasemwaje kwa mikono, wala kama mliwahi kuwa na haja ya kuitunga. Nimewaambia wasiingie mpaka uwaone mwenyewe. Hodi wameshapiga, lakini hutaisikia. Inua macho.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Namalwa